Mgonjwa wa Mtihani

Mdogo wangu wa kike alishona nguo za watu mpaka macho yakamkatalia uzi. Siku hizi kazi yake ni kuugua. Simzulii. Chuo kinapochagua madaktari wa kwenda kusomea udaktari wa familia, humkalisha chumbani, kikampa ugonjwa wa kuigiza, na vijana wakaingia mmoja mmoja kwa kengele. Kila mmoja ana dakika kumi. Pembeni yupo mtu anayetoa alama: amemtazama machoni? Amesema pole? Ameuliza habari za nyumbani?

Zamani daktari mzee wa zahanati yetu alikuwa akimchukua kijana anayetaka udaktari, akakaa naye mwaka mzima. Alimwona akiwa na njaa, akiwa na usingizi, akitapikiwa shati. Ndipo akasema huyu anafaa, au huyu akauze dukani. Dakika kumi hata mimi naweza kuwa mpole.

"Kaka, wewe wangekufelisha mlangoni," mdogo wangu huniambia.

Mwezi uliopita miguu yake ilivimba, na pumzi ikawa inamwishia katikati ya ngazi. Nikampeleka zahanati. Daktari, kijana wa viatu vya kung'aa, alipomwona alisita, kisha akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

"Karibu mama. Pole sana. Hali ikoje nyumbani?"

Walikuwa wametambuana. Mwaka juzi mdogo wangu alimlilia kijana huyuhuyu kwenye mtihani, akijifanya mjane asiyepata usingizi, ilhali mumewe wa kweli yuko nje anamsubiri na mwavuli.

Mdogo wangu akaeleza habari ya pumzi, akaeleza na miguu. Kijana aliitikia kwa kichwa, vizuri kabisa, huku macho yakienda mlangoni, kwangu, kwenye mkoba wangu. Mkono wake haukumgusa mgonjwa hata kidogo. Nikaelewa. Alidhani tumetumwa kumchunguza, na mimi ndiye wa kutoa alama.

"Safari hii wamekupa ugonjwa gani, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hawajanipa. Nimeupata mwenyewe."

"Umezidi kuwa hodari. Na huyu mzee?"

"Kaka yangu. Alama hajui kutoa, anajua kulalamika."

Kijana akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alivua kiatu kwa taabu, akaunyanyua mguu kwa mikono miwili na kuuweka juu ya meza ya daktari, kwenye makaratasi.

"Bonyeza, mwanangu."

Akabonyeza. Kidole kilipotoka kiliacha shimo, na shimo halikujaa. Kicheko kikamkauka. Akamsikiliza kifua, akazunguka akamsikiliza mgongoni. Kisha akasema moyo unashindwa kazi na lazima alazwe leo. Hakungoja muuguzi. Alileta kiti cha magurudumu, akamsukuma mwenyewe kwenye korido ndefu kuelekea gari la wagonjwa.

Mimi nilibaki nyuma makusudi. Nilitaka kuona kama atageuka kuangalia ni nani anayemtazama.

Hakugeuka.