Mwalimu Aliyetupa Wafalme Wawili

Aliyenipigia simu kunipa habari za kifo cha Mwalimu hakutaja jina lake. Alisema tu, "Yule mzee wa kutupa ruodhi ametuacha," nami nikaelewa mara moja, na mara moja nikakasirika. Mtu kafundisha hesabu Migori karibu maisha yake yote, kastaafu na suti mbili na heshima zake, kisha anatambulishwa kwa karata alizoweka chini Jumapili moja. Nyinyi mnaonisoma siku zote mnajua sipendi kuandika nikiwa na hasira. Leo mtanivumilia.

Tulikuwa na mashindano yetu ya poka mjini Homa Bay, Jumapili moja kila mwezi baada ya misa, na mshindi huondoka na mbuzi. Kila mchezaji huanza na vipande vya plastiki idadi sawa, vikikwisha, umetoka. Unapewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tatu mezani ambazo ni za wote. Sasa, sisi watu wa ziwa tuna kosa letu. Karata ya mfalme tunaiita ruoth, wakiwa wengi ruodhi, jina lile lile la chifu, na anayepata ruodhi wawili huwakumbatia kama wageni waliokuja kuposa. Kuwatupa ni aibu ya ukoo mzima. Mimi niliwahi kuwapata mapema kabisa, zikafunuliwa tisa, nane na sita. Nikaweka vipande kwa mbwembwe. Mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Kisegi, ambaye tangu tuanze hakuwa amefungua mdomo, akaongeza juu yangu. Nikasukuma vyote nilivyokuwa navyo. Kumbe alikuwa na sita mbili mkononi, na ile ya mezani ikawa ya tatu; karata tatu za namna moja hushinda jozi yoyote. Nilitoka hata chai haijaletwa.

Mwalimu hakunicheka. Alinieleza taratibu kwamba jozi kubwa ina nguvu kabla ya karata za mezani kufunuliwa; zikishafunuliwa, ni jozi tu. Mwanzoni mwa mashindano kila mtu ana vipande tele na hakuna anayekukimbiza, kwa hiyo itumie kuwatoza kidogo kidogo wanaotaka kubahatisha. Lakini mtu mkimya akikuongezea kwa nguvu, jiulize ana karata gani dhaifu kuliko zako za kumpa ujasiri huo. Ukikosa jibu, achilia. "Jozi ni ya kuchumia," akaniambia, "si ya kufia."

Miezi michache baadaye ikawa zamu yake. Zilikuwa ngwe za kwanza kwanza, mezani kuna kumi, nane na tano. Mwalimu akaweka vipande vya kiasi, mama wa Kisegi akasukuma mlima. Mwalimu alifikiri, akageuza karata zake tuzione, ruodhi wawili, akazisogeza kando. Meza nzima ilipasuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni bwana mmoja nitakayemwita Mwenyekiti. Mama hakuonyesha zake, na mpaka leo hatujui alikuwa na nini. Ninachojua ni kwamba Mwenyekiti alisukuma vyote muda mfupi baadaye kwa malkia wawili, akaenda nyumbani mapema, na Mwalimu alikuwa bado ameketi walipobaki wachezaji wawili tu. Cha ajabu, kilichosimuliwa mjini ni kule kutupa.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Mwalimu alipostaafu, wazazi walimtaka aongoze halmashauri ya shule aliyokuwa akifundisha. Mshindani wake alikuwa huyo huyo tunayemwita Mwenyekiti. Asubuhi ya uchaguzi, ambayo pia ilikuwa siku ya mtihani wa watoto, alileta vijana wa kukodi wenye marungu langoni. Nilikuwepo, nimekwenda kuandika habari. Mwalimu aliwaangalia wale vijana, akayaangalia madirisha ya chumba cha mtihani, akaondoa jina lake. Watoto waliandika mtihani hadi mwisho, na kiti kikaenda kwa mwenye rungu. Katika nchi yetu tunamshangilia anayesukuma vyote, hata kama anachokisukuma ni watoto wa wenzake, na mwenye akili ya kurudi nyuma tunampa jina baya.

Tulimzika kwao, karibu na Asumbi. Kama ilivyo desturi, kipaza sauti kilianzia kwa wakubwa. Mwenyekiti alisimama hatua chache kutoka kwenye jeneza, mjane na wanawe wakimtazama, akasema, "Tuseme tu ukweli, mzee alikuwa mtu mzuri lakini muoga. Hata ukimpatia ruodhi wawili, anatupa. Hata kiti alinipatia hivyo hivyo." Na hema likacheka, maana mkubwa akitania lazima watu wacheke. Halafu mwendesha shughuli akaita marafiki wa marehemu, dakika mbili mbili. Nilikuwa na kisa chote kichwani. Nikainamia karatasi ya ratiba, nikaisoma kama mtu ambaye hajapata kuona maandishi. Nilijiambia msibani watu hawajibizani. Upuuzi mtupu. Niliogopa.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mjane alinifikia. Hakuwa akilia.

"Shemeji," alisema, "ile siku ya karata ulikuwa kwa meza. Ile siku ya mtihani ulikuwa kwa geti. Leo umekuwa hapa. Mbona umenyamaza?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nikiheshimu msiba. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwaaga wageni wengine. Mwalimu aliachia kilichokuwa chake ili watoto wa watu wasidhurike. Mimi niliachia jina lake, ambalo halikuwa langu kuliachia, ili nisidhurike mimi. Kwa anayetazama kutoka mbali, sote wawili tulikaa kimya tu. Ndiyo maana anayejua tofauti anapaswa kuisema pale pale, mjane na wanawe wakisikia, si gazetini wiki moja baada ya maziko.