Viungo Wawili wa Knockfarna

Malachy Looby alipofariki, klabu ilileta jezi. Ndivyo mchezaji anavyozikwa Knockfarna: jezi ya kijani na nyeupe inalazwa juu ya jeneza, na wenzake wanamsindikiza hadi makaburini. Siku hiyo aliyeileta alikuwa Dinny Grogan, na Breda, dada wa marehemu, alimwacha amesimama nayo mlangoni kwenye manyunyu.

Malachy alikuwa kiungo. Katika hurling, mchezo wetu wa Kiayalandi wa kupiga mpira kwa fimbo, kiungo hapumziki. Anarudi kuokoa, anapanda kushambulia, na vidole vyake haviishi kuvunjwa na fimbo za wengine. Asubuhi alikamua ng'ombe, jioni alipiga mpira kwenye ukuta wa zizi mpaka baba yake atoke na kikombe cha chai mkononi: "Malachy, ukuta huo umekukosea nini?" Mwaka 1962 parokia yetu ilifika fainali ya kaunti, jambo ambalo hata wazee hawakuwahi kuliona, na kila mtu alijua ni miguu ya nani iliyotufikisha.

Kiangazi hicho Breda alikuwa na mchumba, kijana wa reli aliyecheza soka mjini. Baba hakumruhusu kwenda kumwona peke yake, kwa hiyo alimbembeleza kaka yake.

"Twende tu, Mal. Utasimama nyuma. Nani atakuona?"

"Mwenye macho."

"Basi vaa kofia."

Alivaa kofia, wakaenda. Wakati huo chama chetu cha michezo ya Kiayalandi kilikataza soka kwa kuwa ni mchezo wa Waingereza. Kuucheza kulikuwa kosa, na kuutazama pia. Kamati ilituma watu wake kuchungulia viwanjani, na aliyetumwa kuchungulia hakuhesabiwa kuwa ametazama. Jumapili ile alitumwa Dinny Grogan, kiungo wetu wa akiba.

Dinny alirudi na jina la Malachy, na Malachy akafungiwa miezi sita. Fainali aliishuhudia akiwa nyuma ya kamba, Dinny akikimbia katika nafasi yake. Tukashinda. Moto wa furaha uliwashwa njia panda, Dinny akabebwa juu juu na medali yake, na hakuna aliyepita nyumbani kwa akina Looby. Yule kijana wa reli alihamia Uingereza, na Breda hakuolewa.

Adhabu ilipokwisha Malachy alirudi, na kocha akawapanga wote wawili katikati. Walicheza pamoja zaidi ya miaka kumi. Kaunti iliwaita, magazeti yakawasifu, watoto wakagombania nani awe Looby na nani awe Grogan. Malachy hakumsemesha Dinny hata mara moja. Na kikombe cha kaunti hatukukigusa tena.

"Humsemeshi, lakini mpira unampa?" Breda alimuuliza siku moja.

"Mpira ni wa Knockfarna. Maneno ni yangu."

Sasa Dinny alikuwa mlangoni, mvi zimelowa.

"Breda, nilikuwa kijana. Nilitumwa."

"Ulitumwa kuangalia. Nani alikutuma umwone?"

"Niache basi nimlaze jezi. Watu wamejaa barabarani. Watasemaje jeneza likipita bila jezi?"

"Watasema. Hata mwaka ule walisema, halafu wakaenda kuwasha moto."

"Alipenda jezi hii kuliko sote."

"Ndiyo maana huilazi wewe."

Ndani, wabebaji walikuwa wamepungua mmoja. Binamu yao alikuwa ameteguka mgongo. Mwenye gari la maiti alichungulia nje, akasema anahitaji mtu mrefu, wa kulingana na yule wa mbele. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Breda akamgeukia Dinny.

"Jezi kaiweke kwenye gari lako," alisema. "Bega lako nitalichukua. Na neno lisikutoke."

Dinny alibeba mpaka makaburini, hatua zake zikiwiana na za wenzake, kinywa kimefungwa. Jeneza lilipita bila jezi na watu wakanong'ona.

Kaburini mwenyekiti wa klabu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya fainali ile, alisoma hotuba fupi. Alisema hatutaona tena viungo kama Looby na Grogan. "Walielewana hawa," alisema, "bila kuhitaji kusemezana."

Watu waliafiki kwa vichwa. Wengine walifuta machozi. Dinny alifumbua kinywa, akamwona Breda anamtazama, akakifumba.