Malkia wa Aija na Komamanga Lake

Safari hii ilianzishwa na mwanamke wa mbao. Mimi mtu wa Tanga, nafanya kazi za ndani hapa Ibra, Omani, kwa mama mmoja mtu mzima, Bi Zuwena, aliyezaliwa Unguja akaja huku na wazazi wake angali msichana mdogo. Karibuni alikuwa akiamka hana neno jingine: "Nataka kwenda Aija kumwona malkia." Malkia gani? Sanamu, anasema. Mwanamke mrefu kuliko mlango, wa meli ya Wazungu iliyovunjika, ami yake akamchukua akamsimamisha nyumbani kwake Aija, huko pwani ya Sur. Na mkononi kashika komamanga.

Wanawe walicheka, halafu wakaacha kucheka. Sanamu ndani ya nyumba ya Waislamu? Wa kiume, aliye Maskati, akakata shauri: akili ya mama imeanza kumtoka, nyumba ya Ibra ifungwe, akaishi naye ghorofani. Jamani! Bi Zuwena ana mitende yake, ana mfereji unaopita nyuma ya jiko, ana mbuzi wake anaowatukana kwa Kiswahili. Ghorofani atamtukana nani? Binti yake, Thuraya, akasema twende kwanza tukaone. Tusipomkuta malkia, mama atahama bila maneno. Bi Zuwena akakubali papo hapo. Mimi nilimhofia, maana nami nilikuwa simwamini.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, Thuraya akiendesha, mama mbele na chupa yake ya kahawa mapajani, mimi nyuma na kapu la tende.

Bidiya tulisimama kunywa chai ya maziwa. Mchanga mwekundu unaanzia nyuma ya maduka kabisa, na magari ya watalii yalikuwa yakipunguzwa upepo magurudumu ili yaupande. Nilitaka kutazama, lakini Thuraya alikuwa na lake. Kila siku humpima mama yake akili.

"Mama, leo siku gani?"

"Leo siku ya kukutia adabu," akajibu Bi Zuwena. "Endesha gari."

Sur tulifika jua limeshakuwa kali, upepo una harufu ya samaki. Kabla ya kwenda kwa ami, Thuraya alitaka tuulize mjini, tukaanza na muuza halua. Akashtuka: "Sanamu ya malkia? Astaghfirullah! Hapa kuna misikiti, mama." Wa pili akatuelekeza kwenye mzunguko wa barabara. Tulipofika tukakuta birika kubwa la kahawa la saruji.

"Huyu malkia kanenepa," alisema Bi Zuwena. Mimi nikacheka mpaka machozi, lakini Thuraya hakucheka. Alinitazama kwenye kioo, nami nikajua anaihesabu nyumba ya Ibra kuwa imeshafungwa.

Aija ni ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari, unavuka daraja. Vichochoro vyembamba, nyumba nyeupe, milango ya nakshi ambayo ungedhani uko Mji Mkongwe. Nyumbani kwa ami sasa anakaa Bi Shamsa, mjane wa mtoto wake, aliyejifunza Kiswahili kwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, Bi Zuwena! Karibuni, karibuni ndani."

Huku mgeni haulizwi shida yake wala haisemi kabla ya kahawa. Tukanawa mikono, tukala tende, tukaulizana habari za watu wote, wazima na waliokufa. Thuraya hakuweza kungoja zaidi, akauliza.

"Sanamu?" Bi Shamsa alishangaa. "Hapana, wallahi. Nimeolewa hapa kijana, nimezeekea hapa. Sijaona sanamu."

Thuraya akaweka kikombe chini. "Khalas, mama. Umesikia."

Nilimwonea huruma bibi wa watu hata nikashindwa kumtazama. Yeye akatikisa kikombe chake taratibu, ishara kwamba ametosheka, kisha akauliza, "Shamsa, mtungi wa maji mnautundika wapi?"

"Mtungi? Pale pale pa siku zote, kwenye nguzo ya uani."

"Nishikeni mkono."

Nguzo ilikuwa imebeba dari la kibaraza cha jiko, imepakwa chokaa mwaka hadi mwaka. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona kamba ya mtungi imefungwa kwenye kiwiko. Kiwiko cha mtu! Chini yake marinda ya gauni yameteremka mpaka sakafuni, na kwenye kiganja tufe lenye kikonyo juu, komamanga lenyewe. Thuraya alilikwangua kwa ufunguo wa gari, ikatoka rangi ya dhahabu. Juu ya mabega hapakuwa na kichwa, palikuwa na boriti tu.

"Ami alitaka mbao nzuri," alisema Bi Zuwena, "lakini malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Akamkata kichwa. Kilichobaki ni nguzo, na hawa wameijua nguzo."

"Ya Rabbi!" Bi Shamsa alishika mdomo. "Miaka yote namtundikia malkia mtungi!"

Thuraya alimbusu mama yake kichwani, akalia kama mtoto. Nami nililia, sifichi.

Kurudi, tulipofika Bidiya, Thuraya alimpigia kaka yake simu. "Mama haendi popote," alisema, akakata. Halafu akauliza, safari hii si kwa kumpima, kwa hamu tu:

"Mama, uso wake ulikuwaje? Alikuwa na taji?"

Nilisogea mbele nisikie. Saa ile angesema lolote tungemwamini, angesema taji la almasi na macho ya yakuti.

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Zuwena. "Walimleta kafungwa gunia kichwani. Na msumeno ulipoanza, baba alinifumba macho."