Bi Antena na Maboksi ya Watu

Jina la Antena hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, zama zile mtu akinunua televisheni kwake, naye anafunga duka na kufuatana na mteja mpaka nyumbani kuhakikisha picha imekaa. Baba mwenye nyumba alipanda juu ya bati akashika nguzo ya antena. Bi Antena alisimama mlangoni, jicho moja kwenye kioo, jingine kwenye paa, na sauti yake ikafika mtaa wa pili: “Zungusha! Bado! Umepitiliza, rudisha! Hapo hapo, usipumue!” Mara nyingine picha ilikuwa safi kwa sharti kwamba nguzo isiachiwe, basi majirani wakacheka kuwa baba wa watu atasikiliza taarifa ya habari akiwa juu kama jogoo.

Aliingia kwenye kazi hiyo akiwa msichana, kumfutia vumbi mzee mmoja mwenye duka ambaye watoto wake hawakuitaka biashara ya baba yao. Yule mzee alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: kitu hakitoki dukani bila kujaribiwa. Pasi iliachwa ishike moto, mteja asogeze kiganja auone mwenyewe. Redio ilitembezwa stesheni zote mpaka zile za lugha zisizojulikana. Mzee alipochoka kusimama alimwachia duka, na Bi Antena akaachiwa na ile sheria pamoja nalo. Mumewe, dereva wa malori, alizoea kulalamika akirudi safari: “Mwenzenu sikuoa mke. Nimeoa duka.” Lakini siku za mpira naye alikuwa wa kwanza kusogeza kiti mbele ya dirisha la kioo, pale televisheni zilipogeuziwa barabara, na watu wamebanana mpaka mlangoni kwa jirani yake kinyozi.

Mambo hayakuharibika kwa siku moja. Kwanza walipungua wanunuzi wa redio, akasema simu zimezimeza, haidhuru, feni zipo. Halafu wakaanza kuja wateja wa aina mpya. Alikumbuka zaidi dada mmoja mwenye adabu sana, aliyeomba awashiwe feni zote, moja baada ya nyingine. Akazisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akachagua ile isiyo na kelele, akainama, akaipiga picha lebo yake.

“Asante sana mama. Nitarudi.”

Wiki haikuisha, pikipiki ikasimama mbele ya duka na boksi nyuma. Dereva akavua kofia yake ngumu. “Samahani mama, nimepotea. Huyu dada anakaa wapi?” Akamwonyesha simu. Bi Antena alilitazama boksi, akaiona picha ya feni ubavuni, ile ile. Alimwelekeza vizuri, akamwambia na habari ya mbwa wa nyumba ya kona, maana kosa halikuwa la dereva. Kisha akaingia ndani akakaa. Tangu siku hiyo neno “nitarudi” lilimchosha kuliko kubeba friji.

Mwanawe wa kiume ndiye aliyekuja na shauri. Alikuwa na familia yake upande mwingine wa mji, akija anakuja na haraka zake.

“Mama, haya maboksi ya wanaonunua mtandaoni yanatafuta pa kushukia. Watu wako kazini mchana, hakuna wa kuwapokelea. Bora yashukie kwako, kampuni ikulipe.”

“Yaani nifukuzwe kwangu, halafu niwafungulie mlango walionifukuza?”

“Hakuna aliyekufukuza, mama. Dunia imehama tu.”

“Imehama bila kuaga.”

Alikataa. Akakataa tena. Mwisho magoti yakamsemea, na mwenye nyumba ya duka akapandisha kodi, naye mumewe, ambaye sasa alikuwa amestaafu na anashinda nyumbani, akamwambia, “Mke wangu, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Umezunguka vya kutosha.” Vitu vilivyobaki aliviuza kwa bei ya kuvisukuma nje. Rafu zile zile zikajazwa maboksi ya watu, yamefungwa kwa utepe wa gundi, na kazi yake ikawa kusoma namba kwenye simu ya mteja, kulitafuta boksi, kulitoa. Kufungua haikuruhusiwa. Kujaribu ndiyo kabisa.

Kwa mazoea aliendelea kukisia kilichomo kwa uzito. Hii pasi. Hii spika. Hakuna aliyemuuliza.

Ndipo asubuhi moja likashushwa boksi pana, jembamba, na juu yake namba ya simu ambayo Bi Antena aliijua kwa kichwa. Ilikuwa ya kinyozi.

Walikuwa majirani tangu wote wawili wana meno yao yote. Walishinda wakiombana chai na chenji. Televisheni ya zamani ya kinyozi ilitoka dukani kwa Bi Antena, na ilipokufa alimwambia tu, “Imepumzika jirani, nitaangalia mbele ya safari.” Sasa boksi lilikaa rafuni siku nzima, na ya pili, na kinyozi hakuja. Akipita nje anaitazama barabara kana kwamba ameiona leo. Salamu zake zikawa fupi.

Siku ya tatu Bi Antena alichoka kungoja. Alimwomba dereva wa pikipiki washikane, wakalibeba mpaka kwa kinyozi. Ndani alikuwapo mteja mmoja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mashine ikanyamaza.

“Mzigo wako, jirani,” Bi Antena alisema. “Sikujua kama mguu unakuuma.”

Kinyozi aliifuta mashine isiyokuwa na unywele. “Nilitaka kukuambia.”

“Lini?”

“Kwako si hakuna tena televisheni?”

“Tarehe ya kuagiza iko hapa juu, miezi miwili nyuma. Moja ilikuwapo bado. Ulikuwa unaichungulia kila asubuhi.”

“Bei, jirani. Ilikuwa bei.”

“Ningekushushia.”

“Ndiyo maana sikuja!” Sauti ya kinyozi ilipanda, kisha ikashuka. “Ungenishushia mpaka uumie. Nakujua. Halafu ningekuwa nakutazamaje kila siku, mimi hapa, wewe pale? Nikaona bora nikuibie kwa mbali.”

Bi Antena alikuwa amekuja na maneno yake tayari, makali, aliyoyapanga tangu jana, na yote yakamdondoka. Alikaa kwenye benchi la wateja. Hakuwa na hasira tena, na hilo likamchosha zaidi, kwa sababu hasira angalau ilikuwa inamsimamisha.

“Samahani,” akasema yule wa nusu kichwa, “mimi nina harusi.”

Wakacheka wote, hata dereva wa pikipiki. Kinyozi akammalizia. Mteja alipotoka, Bi Antena akasema, “Lete kisu. Kwako hapa hakuna kampuni, tutaijaribu.”

Walilifungua boksi. Moyoni alitamani kidogo, Mungu amsamehe, akute ufa au doa jeusi. Hakukuwa na kitu. Waliitundika ukutani, wakaiwasha, na picha ikaja safi kuliko televisheni yoyote aliyowahi kuuza maishani mwake.

“Ni nzuri,” alisema.

“Eti?”

“Ni nzuri sana, jirani. Itumie salama.”

Urafiki wao ukabaki, ukiwa umechechemea kidogo mwanzoni. Kinyozi sasa anakuja kuchukua vifurushi vyake mwenyewe, na chai wanaombana kama zamani. Mwana wa Bi Antena alipoleta fundi wa rangi kulifuta jina la duka juu ya mlango, mama yake hakutoka nje kutazama. Alikuwa na maboksi ya kupanga.

Juzi alikuja binti mmoja kuchukua redio ndogo ya kumpelekea bibi yake. Alisoma namba zake, akapewa boksi, akafika mlangoni akarudi.

“Mama, hii ikiharibika naileta kwako?”

“Hapana, mwanangu. Ikiharibika unaandika ujumbe.”

“Kwa nani?”

Bi Antena alisugua goti lake. “Wanasema wapo,” alijibu. “Mimi sijawahi kuwaona.”

Binti akashukuru, akaenda zake. Jua lilikuwa bado kali na foleni ya wateja imeisha. Bi Antena akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho kidogo, mpaka pikipiki nyingine ikapiga honi.