Nusu Yangu ya Harusi

Kila mpiga picha wa harusi ana picha anayosifika nayo. Kuna wa maua, kuna wa keki, na siku hizi kuna wale wanaorusha vile vidude vya hewani juu ya mapaa ya watu mpaka paka wanakimbia. Mimi ni wa mikono. Baba wa bi harusi na bwana harusi wamekaa chini msikitini, magoti yanagusana, mikono yao ya kulia imeshikana. Baba anasema nimekuoza binti yangu. Kijana anasema nimekubali. Baina ya maneno hayo kuna pumzi moja, na katika pumzi hiyo mkono wa baba hukaza. Hapo ndipo ninapobonyeza. Nimeipiga picha hiyo Kibokoni na Bondeni, Lamu na Malindi, Tanga na Unguja, na mwaka huu nimeifuata hadi Nairobi zaidi ya mara moja. Sijawahi kuikosa.

Upande wa pili siujui. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba katika kazi yote hii sijamwona hata bi harusi mmoja wa Mji wa Kale akiwa amepambwa. Harusi zetu zina nusu mbili. Nusu ya wanaume ni kanzu, kahawa, halua, marashi ya kurushiana, na mawaidha ambayo shekhe ameyarudia mpaka mikeka inayajua. Nusu ya wanawake ndiyo harusi yenyewe: ukumbi umefungwa, mlangoni kuna mama mwenye kikapu anakusanya simu, na ndani sijui kuna nini. Nasikia kunapendeza. Nayasema haya kwa sababu nataka picha moja ya mwanangu iliyopigwa huko ndani, na siipati.

Nusu ya wanawake ilikuwa ya mke wangu. Tulianza kazi pamoja, mimi msikitini, yeye ukumbini, na biashara yetu ilisimama juu ya kanuni moja niliyoitunga mimi mwenyewe na kumhubiria kila mteja: picha za wanawake hazipiti mikononi mwangu. Mke wangu alizipiga, akazisafisha kwenye kompyuta yake katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, neno la siri analijua yeye peke yake. Zikiwa tayari zilitiwa katika bahasha, bahasha ikabandikwa kwa gundi, akakabidhiwa mume. Si mama, si dada, si baba. Nikiulizwa sababu, jibu nilikuwa nalo: baada ya nikaha, picha za mwanamke zina mwenyewe. Nililisema hilo nikiwa nyuma ya meza yangu, mguu juu ya mguu, na wazee wakaridhika.

"Hata wewe huzioni?" wakiniuliza.

"Hata mimi, na umeme nalipa mimi."

Walicheka, wakaweka tarehe.

Baadaye mimi na mke wangu tuliachana. Sababu zetu ni zetu. Yeye na binti yetu walihamia Majengo, lakini kazi hatukuivunja, maana wateja walitutaka wote wawili na hakuna aliyeweza kuingia katika nusu ya mwenzake. Tuliendelea kukutana harusini, yeye akishika mlango wa huku na mimi wa kule, tukisalimiana kama makarani wa ofisi mbili.

Binti yetu alikulia katikati ya kamera na hana picha. Alipokuwa mdogo ndiye niliyekuwa nikipimia mwanga. Nilimsimamisha dukani ameshika karatasi nyeupe mbele ya uso, maana ule weupe ndio unaoifundisha kamera rangi za siku hiyo, kisha nikaifuta picha na kwenda kuwapiga watoto wa watu. Zilizosalia ni chache mno, na karibu zote ni karatasi yenye miguu ya mtoto chini yake. Wakati huo sikuona ajabu. Nilijua siku yake itafika, apigwe kama inavyostahili.

Mwaka jana akaposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Mkanyageni anayefanya kazi Maskati, hana sigara, hana kelele, akizungumza nawe anatazama chini. Sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Likizo yake ilikuwa fupi: aoe, kisha aondoke na mkewe.

Siku ya nikaha nilikaa pale ambapo siku zote nimewapiga wengine. Kamera alikuwa nayo mpiga picha mwenzangu wa Bondeni, mshindani wangu, mtu ambaye tumeibiana wateja tangu sote tuna nywele nyeusi. Nilimwona amechutama upande wa kushoto, pale pale ninapochutama mimi. Nikaushika mkono wa kijana. Ulikuwa na jasho. Maneno yenyewe nimeyasikia mara nyingi mno, nilidhani yangenitoka bila kufikiri, lakini nilipofika kwenye jina la mwanangu nikalianza mara mbili. Shekhe akanisubiri, watu wakakohoa, nikamaliza. Akajibu kwamba amekubali. Udi ukapitishwa, halua ikaletwa, nikala nisijue ninachokula.

Kupamba, usiku wa wanawake kumtazama bi harusi jukwaani, kulikuwa kesho yake baada ya magharibi. Nilisimama nje ya ukumbi, upande wa masufuria, pamoja na wanaume wa kupakua biriani. Gari likafika. Mwanangu alikuwa ametoka moja kwa moja saluni, amefunikwa buibui, na juu ya buibui kitambaa ambacho shangazi zake wamekishika pembe nne, mbio mbio kama wanaoanua nguo mvua ikija. Alipofika usawa wangu akasimama.

"Baba, upo?"

"Nipo, mwanangu."

Mkono ukatoka chini ya kitambaa, una hina na piko mpaka kiwikoni, ukaushika wangu. Nikajua ananibusu kwa joto la pumzi yake tu. Dada yangu akasema, "Haya, haya, msimsimamishe, watu wamngoja." Mlango ukafunguliwa, ikatoka harufu ya asumini na vigelegele, mlango ukafungwa. Ndani alikuwamo mama yake, na kamera. Mimi nikarudi kwenye biriani.

Kutoka pale alichukuliwa na mumewe. Nilimwona tena siku ya safari, uwanja wa ndege, uso wake wa kila siku, una usingizi, anauliza kama mizigo imezidi. Uso huo naujua. Nilitaka ule mwingine, ule ambao nusu ya Mombasa waliuona usiku ule na mimi babake niko nje na sahani. Nilijiambia si neno, picha zipo, na anayezipiga namjua.

Nikaenda Majengo kwa mama yake.

"Masalkheri," nikasema.

"Akheri. Karibu." Hakuufungua mlango wote.

"Nataka picha moja ya mtoto. Yeye peke yake jukwaani. Sitaki ya mtu mwengine."

"Nishampa mumewe zote."

"Zimo kwenye kompyuta yako."

"Zimo. Na sheria ni yako. Kina baba wangapi wamekuja pale dukani ukawarudisha? Nalikuwa nyuma ya pazia, nikikusikia. Leo wataka niivunje kwa kuwa ni wewe?"

"Mimi ni babake."

"Na wale walikuwa ni kina nani?"

Hakusema kwa hasira. Angalikasirika ningalipata pa kushikia. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake amesahau miwani, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilizunguka Marikiti mpaka wachukuzi wakaanza kunipigia kelele niwapishe.

Nikampigia binti yangu simu. Nilimwambia kidogo kwa mzaha, ili akikataa iwe nilikuwa natania.

"Baba, ngoja nimuulize," akasema.

Huyu ni mtoto aliyekuwa akiniomba mimi ruhusa hata ya kwenda dukani kununua uzi. Nikangoja. Siku ya tatu akanipigia mumewe mwenyewe.

"Masalkheri, baba. Mwanao yuwakusalimu sana."

"Nami namsalimu."

"Baba, nimesikia wataka picha. Wallahi wewe si mtu wa kufichwa. Tatizo ni kazi yako. Simu yako, kompyuta yako, zaingia mikononi mwa watu, leo fundi, kesho mteja. Wewe wayajua haya kuliko mimi. Mbona ulimweleza babangu siku ya posa, na sisi sote twalipenda jambo hilo. Ukija kututembelea, inshallah, utaziona hapa nyumbani."

Alizungumza kwa adabu iliyonyooka, hata pa kumtukana hapakuwapo. Maneno yalikuwa yangu, kayashika yote, hakuangusha hata moja. Nikamwambia nimekubali.

Nilikasirika na bado nimekasirika. Mji mzima umeniamini kwa sababu picha sizioni, na sasa siaminiwi kuiona moja kwa sababu napiga picha. Maskati siendi. Sitapanda ndege nikakae kwenye kochi la watu, nishikiwe simu mbele ya macho, niambiwe tazama baba, kisha simu irudi mfukoni. Nina umri wangu. Na nikisema siendi, usiku huo huo naangalia nauli.

Kazi haikuningoja nitulie. Jumamosi zangu nyingi siku hizi ni harusi za kanisani, za watu wa bara wanaofanya kazi bandarini, na hao hawana nusu mbili. Mara ya mwisho nilikuwa nao Mama Ngina, kando ya bahari, wapita njia wamesimama na mihogo yao wanatazama. Bi harusi alinitazama machoni bila wasiwasi. Nilimnyoosha shela, nikampa kitambaa afute jasho la puani, nikamwambia ainue kidevu. Mabinti wa watu wamejaa kwenye kamera yangu, kila mmoja na pua yake na meno yake. Baba yake alikuwa mtu mrefu, suti inambana mabegani, hajui mikono aiweke wapi.

"Mzee, mwangalie binti," nikamwambia.

"Nimwangalie namna gani? Nimemwona tangu azaliwe."

"Mwangalie tu."

Akamwangalia. Kisha midomo ikaanza kumcheza, akageuka upande wa bahari akijifanya ameingiwa na vumbi. Nikapiga. Ni picha nzuri, pengine nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu, na niliichukia pale pale. Wakirudi kwao Changamwe wakataka tusimame Kibarani, kwenye bustani. Zamani tulipita hapo tumeziba pua na vioo vya gari tumepandisha, moshi wa taka umetanda mpaka barabarani. Sasa maharusi wanabusiana hapo na mimi nawaambia wasogee karibu zaidi.

Mshindani wangu aliniletea picha ya nikaha baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameikuza na kuitia fremu, na hakutaka hata asante. Ameipata, sitasema uongo. Pumzi ni ile ile. Mkono wangu umekaza juu ya mkono wa kijana, mishipa imesimama, na pindo la mkono wa kanzu yake limeingia kivuli pale pale ambapo ningelitia mimi. Nilitaka kuitafutia kasoro nikaikosa. Nyumbani sikutaka kulala nikiitazama, nikaitundika dukani juu ya meza, kwenye mwanga.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kibokoni kuweka tarehe ya mwanawe wa kiume. Aliitazama ile picha muda mrefu, mkoba ameukumbatia.

"Mashallah. Harusi ya nani hii?"

"Ya binti yangu."

"Naye yuko wapi?" Akainamia fremu, akatafuta pembe hii na pembe ile.

"Hayumo."

Akakaa. Akanieleza habari za ukumbi, za wageni watakaotoka Malindi, za mkwe mtarajiwa ambaye watu wake ni wagumu sana kwa mambo ya picha. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Na ni kweli wasemavyo? Picha za wanawake, wewe huzioni?"

"Sizioni, mama," nikamwambia. "Hata moja."

Akaridhika, tukaandika tarehe.