Kitanda cha Pili Nilikilipia Mimi

Nimekosa. Nianze na hilo, maana nikianza na sababu zangu mtanionea huruma kabla hamjasikia nilichofanya, na huruma yenu siitaki.

Nakaa Magogoni na mamangu. Nauza vitunguu vya jumla pale Kongowea, na tangu niachike mimi ndiye mkono na mguu wa mama. Magoti yake yameisha. Kumwogesha ni mimi, kumpeleka kliniki ni mimi, kumsugua mafuta ni mimi. Nina kaka mmoja, yuko Changamwe. Yeye huja siku ya Idi na pakiti ya sukari, akaondoka kabla chai haijapoa.

Basi nilichoka. Nasema wazi, nilichoka. Nilifika mahali nikawa naisikia sauti ya mama ikiniita nije, "ndoo, ndoo hapa," hata nikiwa sokoni katikati ya makuli na mikokoteni. Nikaanza kuweka pesa pembeni. Nilikuwa nimesikia kuna meli ya matembezi inayoondoka bandarini, inapita Pemba, inashinda Unguja kutwa nzima, kisha inarudi. Chakula humo humo, kulala humo humo. Nikasema hii ni yangu, na nitaipanda peke yangu.

Nikampigia simu wakala. Kijana akanitajia bei, nikafurahi. Halafu akauliza, "Mko wawili?"

"Niko peke yangu."

"Basi bei inapanda, dada. Hiyo niliyokutajia ni ya mtu aliye na mwenzake. Chumba kina vitanda viwili. Ukija peke yako unalipia vyote."

"Na nikilala kimoja?"

"Hata ukilala sakafuni, dada."

Nilimtukana moyoni. Yaani asiye na mtu ndiye anayeongezewa mzigo! Mjane alipe zaidi, aliyeachwa alipe zaidi. Lakini nikalipa. Nililipia kitanda changu, na kitanda cha hewa nikakilipia vilevile. Liwekeni akilini hilo.

Sasa ujueni ubaya wangu. Mama alikuwa na dada mmoja tu duniani, mama mkubwa wangu, aliyeolewa Unguja tangu usichana. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Ndege mama hapandi, ameshaapa. Basi la kuzunguka mpaka Dar es Salaam ukavuke tena, kwa magoti yale, asingefika salama. Akapata habari ya meli. Kesho yake akanambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Mwanangu, hiyo meli yenu, mtu wa pili alipa ngapi? Nina bangili yangu. Nataka mato yangu yamuone dadangu, basi."

Nami nikamjibu bila hata kukohoa. "Kila kichwa na bei yake, Mama. Na nafasi zimekwisha."

"Ah. Haidhuru," akasema. "Nenda, mwanangu. Nimekupa radhi. Nisalimie."

Radhi ya mama niliichukua kwa uongo. Niliitia mkobani pamoja na chupa ya achari na doti ya leso aliyonipa nimpelekee dadake. Mke wa kaka akaja kumchukua mama akakae Changamwe, akinuna, nami nikaenda zangu.

Sitawadanganya, siku ya kwanza niliona raha. Nililala mchana, kitu ambacho sikukumbuka mara ya mwisho kukifanya. Hakuna aliyeniita. Lakini kile kitanda cha pili kilikuwa pale, shuka zimenyooshwa, mto umepigwapigwa. Msafishaji alileta taulo mbili. Alileta maji chupa mbili na ndara jozi mbili. Mezani mhudumu aliniuliza, "Mwenzako anakuja?" na kila mlo akawa anauliza yeye au mwingine. Tulipofika Pemba nilikuwa nimeanza kuweka mkoba wangu juu ya kile kitanda ili kisionekane kitupu.

Unguja nikaenda kwa mama mkubwa. Nilimkuta amekonda, moyo wake unamsumbua, anahema kwa kusema maneno machache tu. Nikamwamkia. Akaitikia huku akitazama nyuma yangu mlangoni, kana kwamba kuna mtu huko bado anavua viatu.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, Mama Mkubwa. Nafasi zilikwisha."

Akanikaribisha mkekani, akaniwekea mkate wa kumimina na chai. Tukazungumza vizuri tu, mpaka nikajisahau. Mimi ni mtu wa soko, kulalamikia bei ndiyo mazungumzo yangu. Aliponiuliza kama safari ni ghali, mdomo ukanitangulia.

"Wallahi wamenikamua, Mama Mkubwa. Chumba kina vitanda viwili, nimelipishwa vyote, na mimi nalala kimoja!"

Akaweka kikombe chini taratibu. Akanitazama.

"Kwa hiyo kitanda cha dada yangu kilikuwepo," akasema.

Nimetukanwa na madereva wa malori. Nimetukanwa na aliyekuwa mume wangu, mbele ya watu. Sijapata kuumia kama siku ile, na mama mkubwa hata sauti hakupandisha. Nilianza kusema nilikuwa nimechoka. Akasema, "Najua umechoka, mwanangu. Kuuguza si kazi ndogo. Ungemwambia hivyo."

Kisha akaomba mkasi. Akaikata ile doti ya leso katikati, kipande kimoja akakiweka mapajani mwake, cha pili akakikunja na kunipa.

"Mpe mdogo wangu. Mwambie kila mmoja ana chake. Na hilo la kitanda usimwambie. Siku tulizobaki nazo mimi na yeye si nyingi, sitaki azitumie kukuchukia wewe."

Sikujua kwamba zake zilikuwa chache kiasi kile. Ramadhani haikufika, tukapigiwa simu. Mama alilia amekaa, maana kusimama hawezi. Wanawake wa mtaa walipokuja kumpa pole, akawaambia, "Alhamdulillahi, huyu mwanangu alikwenda akanionea dadangu. Nisingemtuma huyu, tungeagana vipi?" Wakanisifu. Wakasema mama amezaa. Nami nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nawajazia vikombe.

Mpaka leo mama akiswali hujitanda kile kipande cha leso. Akimaliza huniombea dua, kwa jina langu, Mola anilipe kwa wema niliomfanyia. Mimi huitikia amina. Kila siku naitikia amina, na kila siku naona haya kuinua uso. Nimwambie? Nilikatazwa na marehemu. Ninyamaze? Ndiyo hivi mnavyoniona, namwaga kwa watu nisiowajua.

Kuchoka si kosa, na kutaka kuwa peke yako si kosa. Ningesema tu, Mama, nataka nipumzike. Huenda angenuna siku mbili. Huenda angenipa radhi ileile, nami ningekwenda nayo ikiwa halali.

Juzi akaniita. "Ndoo hapa. Nasikia ile meli yaja tena. Mimi ngazi siziwezi kabisa sasa. Nenda wewe ukanizurie kaburi la dadangu. Wewe njia washaijua." Na akanivulia ile bangili, akanitia mkononi.

Nilitoka nje nikampigia wakala. Alikuwa yuleyule kijana.

"Mko wawili?"

"Niko peke yangu."

"Basi utalipia vitanda vyote viwili, dada."

Nikamwambia najua. Na wewe ambaye mama yako bado anaweza kupanda ngazi, mpeleke.