Mate ya Kumbariki Winrose

Mama alinitemea mate kifuani asubuhi niliyotoka Dundori kwenda kuolewa. Kwetu mzazi hambariki mtoto kwa maneno matupu. Mate ndiyo muhuri. Mume wangu alipofariki, nilijua siku ya binti yetu Winrose kuolewa ikifika, kazi hiyo itakuwa yangu peke yangu.

Miaka kumi na miwili nilichambua plastiki kuukuu katika yadi ya Muiruri, Nakuru. Vipande vilikuja vimevunjika, havina alama, na kila aina ina gunia lake. Mimi nilizijua aina hizo kwa kuziuma kwa jino. Plastiki ya ndoo hubonyea. Ile ngumu ya zile chupa kubwa za maji ya ofisini hulia kama mfupa. Muiruri aliwaleta wanunuzi wanione. "Huyu mathe ni mashine," aliwaambia, wakacheka, na mimi mjinga nikacheka nao. Niliuma toka asubuhi hadi jioni.

Kisha mate yakaanza kuniisha. Ugali ulikwama kooni. Mashavu yalivimba chini ya masikio, meno yakamomonyoka.

"Tezi zako za mate zimeharibika," daktari alisema. "Umekuwa ukila nini, mama?"

"Plastiki."

Alidhani namfanyia mzaha. Nilipomweleza, alisema ile ngumu huwa na kemikali, na panya waliolishwa kemikali hiyo walikutwa tezi zao zimebadilika. "Lakini kwa binadamu siwezi kuapa."

Nilimpelekea Muiruri habari hiyo.

"Panya? Basi nenda ukashtakiane na panya. Mdomo wako umekauka kwa umbea, Wamaitha."

Wenzangu waliangua kicheko. Kesho yake nilikuta msichana amekalia kiti changu, kipande kiko katikati ya meno yake. Nilimwambia atoe. Aliniona mwenye wivu.

Winrose alipopata mchumba, Kipketer wa Keringet, watu walidhani nitasumbuka kwa sababu si wa kabila letu. Mimi nilisumbukia mate tu. Wiki tatu nililamba malimau hadi midomo ikapasuka.

"Mum, si unywe maji tu halafu uteme?" Winrose aliniuliza.

"Hayo ni maji ya mfereji. Hayajatoka kwangu."

Siku yenyewe watu wa Kipketer walisimama uani, magari yakinguruma nje. Winrose alifungua kifungo cha juu, akanisogezea kifua. Nilivuta kutoka mashavuni, kutoka kooni, kutoka tumboni. Ikatoka pumzi kavu. Nikarudia. Pumzi tena.

Kui, dada wa marehemu mume wangu, akapaza sauti. "Amemnyima! Mnaona? Amemnyima mtoto baraka kwa sababu kijana si wa kwetu!"

Mama yake Kipketer aliinamisha uso. Nilitaka kusema sikumnyima, ila ulimi ulikuwa umegandia kwenye kaakaa.

Winrose alifunga kifungo chake polepole. "Mum," alininong'oneza, "kwa nini hukunywa maji tu?"

Watu wa Kipketer wakamshika mkono, wakamwongoza garini. Hapo ndipo kiburi kiliponitoka. Nilikimbilia jikoni, nikachota kikombe, nikajaza kinywa pomoni, nikatoka mbio. Mlango wa gari ulikuwa unafungwa. Nilipunga mikono miwili. Alikuwa amegeuza uso upande wa pili, na mimi nina maji kinywani, siwezi hata kumwita.